Kiti Namba Nne

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi mlioko nje chini ya turubai, kama mnanisikia, kaeni pia.

Leo sioni haya kujivuna. Miaka hamsini ya usharika huu! Tulianza na familia saba na ngoma moja ya kuazima. Leo tuna kwaya nne, tuna sakafu ya marumaru, tuna mnara ambao dereva wa lori akiuona kutoka kule konani anajua amefika mjini. Wazee wa kanisa waliniambia juzi, "Mchungaji, Jumapili hii tusifie tu, usitukwaruze." Nikawaahidi kisa cha fahari, na ahadi ni deni. Basi tegeni masikio.

Palikuwa na dada mmoja, fundi hodari. Tumwite Tusajigwe, maana lazima aitwe kitu. Fundi wa nini? Msicheke, kina mama wa mstari wa pili. Alikuwa fundi wa kujenga ndani ya kompyuta, kwenye gemu. Haya, nimesema msicheke.

Wajukuu zenu wanalijua gemu hilo. Halina mwisho wala mshindi. Unapewa dunia nzima, ardhi, miti, mito na mawe, vyote vimekatwa mrabamraba, halafu unaachiwa ujenge unachotaka, tofali moja moja, kwa kidole. Na kompyuta zikiunganishwa kwa waya, watu sita wanaingia katika dunia ileile, kila mmoja kwenye kioo chake. Wanaonana humo, wanasaidiana kazi.

Tusajigwe alikuwa na steshenari karibu na stendi. Juma zima kompyuta zake sita zilichapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Jumamosi mchana akishafunga, waimbaji wenzake wa kwaya walikuja, wakakaa, wakaingia kwenye dunia yao. Yeye alikalia namba moja, mashine mpya yenye nguvu. Wenzake walikalia namba mbili hadi sita, zile za zamani ambazo kabla hazijawaka ni lazima kwanza uzibembeleze.

Alijenga nini humo? Hapo ndipo penye fahari. Marehemu baba yake alikuwa mwashi. Ndiye aliyejenga kanisa la zamani la kijijini kwao, la matofali ya kuchoma, lenye madirisha membamba ya kuzuia baridi, na upinde juu ya mlango ambao waashi wa wilaya nzima walikuja kuuchungulia wakaondoka wakitikisa vichwa. Baadaye kanisa lile lilipata ufa, likabomolewa. Mama yake Tusajigwe, aliyempikia yule mwashi uji kila asubuhi kwa miaka miwili ya ujenzi, hakupita tena njia ile. Alizunguka kwa nyuma, hata kama amebeba kuni. Basi binti akasema: nitalisimamisha upya, lote, halafu nitamleta mama alione kabla hajafumba macho.

Miezi mitano, jamani! Alikwenda kupima msingi uliobaki majanini kwa futi kamba. Aliwauliza wazee madirisha ya kaskazini yalikuwa mangapi. Mmoja akasema sita, mwingine akaapa ni manane. Akapekua albamu za harusi za watu, akitafuta vipande vya ukuta nyuma ya maharusi, mpaka akahesabu mwenyewe: saba. Mtoto wa mwashi ni mwashi. Mzazi gani hapa asingetembea kifua mbele kwa mtoto wa namna hiyo?

Sasa, gemu hilo lina kanuni moja, ishikeni. Penye giza huzaliwa mazimwi. Giza liwe la porini, liwe la pangoni, liwe la chumbani mwako mwenyewe, zimwi litazaliwa humo. Liko linalorusha mishale, na liko linalonyemelea kimya, likikufikia linalipuka na ukuta wako unakwenda nalo. Dawa yake ni mwenge. Unachimba makaa, unakata kijiti, unatengeneza mwenge, unaupachika ukutani. Mwenge ukiwaka, hapo zimwi halizaliwi. Kazi hiyo ya makaa na mienge ilikuwa ya Subilaga, mwimbaji wa sauti ya pili, binti mpole aliyekalia kompyuta namba nne. Si kazi ya sifa. Wenzake walipachika vioo vya rangi na kuchonga madhabahu, yeye alikuwa mashimoni anachimba makaa.

Siku moja Tusajigwe akapata pakiti. Ndivyo wanavyoiita. Ni kifurushi unachokitoa mtandaoni, unakiweka kwenye kompyuta yako, na sura ya kila kitu inabadilika machoni pako. Tofali linakuwa jekundu la kuchoma hasa, mbao zinaonyesha nyuzi zake. Na pakiti hiyo ilikuwa na ziada: sehemu zote za giza zilionekana nyeupe. Nyuma ya madhabahu, chini ya ngazi ya mnara, darini, kote ikawa adhuhuri. Alipoiwasha alipiga kigelegele peke yake dukani. Kanisa la baba yake aliliona lote kwa mara moja, hakuna kona iliyojificha! Mimi ningecheza, msinione na joho hili.

Ila pakiti ile ilitaka mashine yenye nguvu. Namba mbili hadi sita hazikuiweza, zilikwama. Tusajigwe akasema si kitu, kanisa ni lilelile.

Jumamosi iliyofuata akalitembelea kanisa lake, akatazama mienge ukutani, akakunja uso. Kwenye mwanga mwingi namna ile, mwenge una kazi gani? Akaiona kama misumari aliyoisahau mtu ukutani.

"Mienge hii inachafua ukuta wa baba," akasema. "Mwanga upo tele. Ing'oeni."

Subilaga akageuza kiti chake. "Dada Tusa, huku kwetu ni giza."

"Vioo vyenu vimezeeka, Subi. Kanisa halina tatizo. Ongeza mwangaza wa kioo."

"Nimeongeza mpaka mwisho, dada."

"Basi ni macho yako hayo. Kula karoti."

Wenzake wakaangua kicheko. Subilaga naye akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka akichekwa, kisha mienge ikang'olewa yote.

Juma lililofuata, walipoingia tu, puu! Ukuta wa madhabahu ukaruka. Zimwi. Tusajigwe akalitafakari jambo lile. Kanuni anaijua, zimwi huzaliwa gizani, na yeye kanisani mwake hakuona giza hata la kufichia sindano. Basi hesabu yake ilikuwa fupi: zimwi limetoka nje, limeingia. Akatengeneza lango la chuma. Jumamosi nyingine mazimwi mawili, benchi za wazee zikasambaa. Akachimba handaki kuzunguka kanisa, akalijaza maji. Jumamosi nyingine manne! Akainua ukuta wa nje, mrefu, wa mawe. Nawaambia, gereza halina ulinzi kama lile kanisa. Na mazimwi yalikuwa ndani yanamsubiri.

Anapolinda mtu hivyo na bado anaibiwa, humshuku nani? Wa nyumbani. Nani aliingia na kutoka langoni kila mara? Subilaga, na makaa yake. Maana alikuwa hajaacha. Kimya kimya alipachika mwenge hapa, mwenge pale, na Tusajigwe akiuona aliung'oa.

"Kumbe ni wewe," Tusajigwe akamwambia mbele ya wote. "Ni wewe unayeacha lango wazi."

"Nafunga, dada. Nikishafunga narudi kulisukuma tena."

"Kanisa la baba yangu linabomoka kwa uzembe wako, na mama anakuja Jumamosi! Nipishe kiti. Usirudi."

Subilaga akavaa sweta yake, akaaga wote, akatoka. Hakuna aliyemtetea. Wapendwa, nataka mmtazame vizuri binti huyo anavyovuka barabara ya stendi. Katika watu sita wa nyumba ile, aliyefukuzwa ni yule aliyebeba moto.

Jumamosi ikafika. Bibi mmoja wa miaka sabini na minane akaingia steshenari, amevaa kitenge kipya, kilemba kimesimama. Tusajigwe alikuwa ametengeneza kila kilichobomoka. Akakalia namba moja ili aongoze, na mama akakalishwa kwenye kiti kilichokuwa kitupu, namba nne. Akafundishwa kitufe kimoja tu, cha kwenda mbele. Waimbaji wakasimama nyuma yake.

Nje kulikuwa na jua, jua la humo ndani ya gemu. Kanisa likaonekana lote. Yule bibi akaweka mkono mdomoni.

"Upinde," akasema. "Ule upinde! Na lile tofali la kushoto lililotokeza! Alilitokeza makusudi, nikamwambia Baba Tusa umekosea, akaniambia hiyo ni sahihi yangu, mimi sijui kuandika." Akageuka kwa binti yake, machozi yanamtiririka, kidevu kimeinuka. "Mwanangu, umemjenga baba yako."

Mnadhani Tusajigwe alikuwa wapi saa hiyo? Alikuwa mbinguni. Miezi mitano ililipwa yote kwa neno lile.

"Twende ndani, mama. Nifuate." Wakaingia, akafunga lango kwa mkono wake mwenyewe. "Unaiona madhabahu?"

"Siioni."

"Iko mbele yako, mama."

"Mbele yangu ni giza, mwanangu."

"Tazama vizuri. Ni macho tu, mama, umri huo."

Loo! Yule bibi akajinyoosha kitini. "Macho yangu? Jana nimetunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Nakwambia hapa ni gi..."

Puu! Hakumaliza. Kioo kikawa chekundu, mama akaruka, kilemba kikaanguka.

Tusajigwe akasimama, akapaza sauti, "Nani kaacha lango wazi?"

Subilaga hakuwepo, hakuwepo juma zima. Na lango lilikuwa limefungwa. Alilifunga yeye.

Mama akaokota kilemba chake, akakikung'uta. Hakukasirika. Akainuka taratibu, akashika mgongo wa kile kiti. "Tusa. Njoo ukae nilipokaa."

Tusajigwe alikuwa na steshenari ile kwa miaka sita, na alikuwa hajawahi kukalia namba nne mchana wa Jumamosi. Akaja, akakaa. Akabonyeza kitufe, akapita chini ya upinde, akaingia. Akasubiri macho yazoee. Akasogea mbele, akagonga kitu, akarudi nyuma.

"Kanisa liko wapi?" akauliza.

Mwimbaji mmoja akamjibu kwa sauti ndogo, "Umo ndani yake, dada."

Hapo akayaona. Macho mekundu, mawili, manne, manane, kule ilikopaswa kuwa madhabahu ya baba yake. Hayakutoka popote. Yalizaliwa pale. Muda wote ule alikuwa akiyajengea ukuta wa kuyalinda. Kitu kimoja tu kilionekana humo: nyuma ya mlango, chini kabisa, palikuwa na mwenge mmoja ambao Subilaga aliuficha asiung'oe mtu. Uliangaza matofali matatu. Ndiyo matofali pekee ya baba yake ambayo mama angeweza kuyaona.

Tusajigwe akalia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa sauti, mwanamke mzima mbele ya watu. Kisha akafuta uso kwa kitenge cha mama yake, akatoka, akavuka barabara ileile ya stendi. Akamkuta Subilaga anaanika nguo.

"Subi, kioo chako hakikuwa kibovu."

"Najua, dada."

"Nimekaa kwenye kiti chako. Nimeona unachokiona. Nisamehe mdogo wangu, rudi unionyeshe mienge inakaa wapi."

Subilaga akakamua shati, akalitundika, akafikiri. "Makaa yapo," akasema. "Niliacha sanduku limejaa. Nilijua ipo siku utayataka."

Wakarudi. Mama hakuwa ameondoka, alikuwa amekaa palepale namba nne, mkoba magotini. Safari hii Tusajigwe aliizima pakiti yake, akaingia gizani kama wengine, akawa anapigana na mazimwi huku Subilaga anapachika. Mwenge wa kwanza, benchi. Wa pili, ngazi. Wa tano, mimbari. Kila mwenge ulipowaka mama alitaja kitu kwa jina, na ilipofika zamu ya ukuta wa kaskazini alihesabu madirisha kwa kidole kwenye kioo, moja, mawili, mpaka saba, akasema kwa nguvu zote, "Saba! Niliwaambia siku zote ni saba!" Na mama yule aliporudi kijijini, alipita njia ya mbele.

Mmepiga makofi. Asanteni, wanastahili.

Sasa niwaulize. Sisi tumekalia kompyuta namba ngapi?

Niliwaahidi fahari, na sijaificha. Kanisa hili ni zuri. Mimi kila asubuhi nikilitazama kutoka mlangoni kwangu nashukuru. Lakini kila mkutano wa baraza neno ni moja: vijana wanapotea, ndoa zinavunjika, dunia imeingia kanisani, nani kaacha mlango wazi? Tukaongeza ukuta. Tukaongeza kanuni, hii ya mavazi, hii ya nani akae wapi. Na mazimwi yanaongezeka. Hivi hatujawahi kujiuliza kama yanazaliwa humuhumu, kwenye kona ambazo kwa macho yetu sisi wa mbele zinang'aa?

Yuko mama alikuja kwetu mwaka jana, akasema katika nyumba ya mmoja wetu anayeheshimika kuna kilio kila jioni. Tukamjibu nini? Tukamwambia anachafua sura ya kanisa. Nasema tukamwambia, maana nilikuwepo nikanyamaza. Siku hizi haji. Wale vijana waliouliza maswali mazito kwenye kipindi cha vijana, tuliwaita wakorofi, wakavaa sweta zao wakatoka. Ndio waliokuwa na makaa, ndugu zangu. Ule msemo wa nyani mnaujua, mahali hapa sitaumalizia.

Mnaona nimekwenda mbali. Basi niseme la karibu, ambalo hakuna atakayebisha. Spika ya kule nyuma imekufa tangu Pasaka. Watu wa turubai wameleta taarifa mara tatu. Kumbukumbu za kikao zimeandikwa hivi, na mwandiko ni wangu: "Baraza limejiridhisha kuwa sauti inasikika vizuri." Baraza linakaa wapi? Benchi la mbele, chini ya spika mpya.

Jubilii yetu ya miaka hamsini, na wenzetu wa turubai wanaisikiliza kwa kukisia.

Kwa hiyo kabla ya keki na kabla ya picha, wazee wangu, simameni. Ndiyo, wote wa benchi la mbele, pamoja na suti hizo. Tokeni polepole, nendeni nje chini ya turubai, mwombe viti vyao kwa adabu. Nanyi wa turubai, ingieni, njooni mbele, msiogope marumaru, ni yenu. Leo jioni mimi na mke wangu tutakwenda kwa yule mama, na mimi ndiye nitakayeanza kuomba msamaha. Yeyote aliyewahi kumwambia Subilaga wake asirudi, anajua nyumba anayopaswa kubisha hodi.

Na mahubiri haya nitayamalizia nimesimama hapahapa, nikiongea na walio karibu nami, bila kipaza sauti. Hiki hapa, nakizima.

Wazee kule nje, msiposikia, inueni mikono. Tutawaambia mle karoti.